Bastola za Fremu ya Metali

Muuza silaha wa Marekani akisema bastola fulani kuukuu ni ya fremu ya metali, anazungumzia kipande kimoja tu: kile chenye mpini, kinachobeba kifyatulio na kupokea kasha la risasi. Mtutu hukaa juu yake, pamoja na slaidi inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Kwa sheria ya huko ya mwaka 1968, fremu ndiyo bastola yenyewe. Namba ya utambulisho huchongwa hapo, kama ilivyo namba ya chesesi kwenye gari. Mtutu na springi ni vipuri tu.

Wapo wanaopendekeza tuseme kiunzi badala ya fremu. Ni neno zuri, ila humpeleka msomaji kwenye mbao za fundi au mifupa mitupu. Fremu tumeshaizoea kwenye baiskeli na miwani, kwa hiyo mimi naiacha ilivyo.

Ugumu uko kwenye hilo neno la pili, metali. Wafasiri wengi wangeandika “fremu ya chuma” na kuendelea na safari. Lakini Smith & Wesson Model 39, ambayo polisi wa jimbo la Illinois waliichukua mwaka 1967, ina fremu ya aloi ya alumini. Mdogo wake, 5906, ni chuma cha pua kisichoshika kutu, na bila risasi inapita kilo moja. Zote mbili huitwa za metali ili kuzitenga na zile za plastiki, kama Glock 17 iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, yenye gramu 600 na ushei. Chuma hapo kinadanganya. Metali inazibeba zote.

Plastiki ndiyo iliyozishusha bei bastola za metali. Idara za polisi Marekani zilipohamia huko, bastola za zamani zilirudishwa kwa wauzaji ili zipunguze gharama ya mpya. Ukiishika moja leo utaona rangi imechubuka mdomoni na kwenye kona, kwa miaka ya kuingia na kutoka kwenye ala. Ndani mara nyingi bado nzima, kwa kuwa askari wengi hufyatua siku za mazoezi tu. Mnunuzi mjanja haangalii michubuko. Anavuta slaidi na kukagua reli zake.

Na hapo tofauti ya chuma na alumini inarudi kwa nguvu. Alumini hulindwa na ngozi ngumu ya juu. Ikishalika kwenye reli, uchakavu huenda mbio. Chuma huvumilia, na uzito wake hutuliza teke la risasi. CZ 75 ya chuma, ya ndugu Josef na František Koucký, iliyoundwa mjini Uherský Brod, Cheki, ni mfano ninaoupenda: slaidi yake hupita ndani ya fremu, si nje kama kwenye bastola nyingi, hivyo hukaa chini karibu na mkono.

Urahisi wa bei una upande mwingine. Kiwanda cha Star cha Hispania kilifungwa mwaka 1997. Bastola zake za chuma bado zinapiga vizuri, lakini pini ya kugongea risasi ikivunjika, mwenyewe ataitafuta kwa wauza vipuri vya mitumba au amwombe fundi amchongee.