Neno Lililolimeza Jina: Juu ya Billy Batson

Katika hadithi za picha za Marekani, mtu wa kawaida hupata nguvu kwa njia nyingi. Billy Batson, mtoto yatima auzaye magazeti, huzipata kwa kusema tu. Tangu Whiz Comics ya mwaka 1940, akitamka "Shazam" radi hupiga, naye huwa Captain Marvel. Neno hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za Solomon, Hercules, Atlas, Zeus, Achilles na Mercury. Mfalme wa Biblia, ajabu, peke yake kati ya Wayunani na Warumi!

Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa akisomwa kuliko Superman. Wenye Superman walikuwa wamekwisha kushtaki mwaka 1941, wakidai ameigwa. Mwaka 1951 mahakama ya rufaa iliirudisha kesi isikilizwe upya. Mwaka 1953 wachapishaji wake, Fawcett, walikubali kulipa na kuacha kumchapisha.

Jina likabaki bila mwenyewe, na mwaka 1967 kampuni ya Marvel ikampa shujaa wake. Hivyo DC, ile ile iliyoshtaki, ilipomfufua Billy mwaka 1973, ilibidi jalada liandikwe "Shazam!". Kuanzia mwaka 2012 shujaa mwenyewe akaitwa hivyo. Kwetu wanaisimu hilo ni jambo zito kuliko kesi yenyewe: neno lililokuwa tendo limefanywa jina, na mwenye jina hawezi kujitaja pasipo kugeuka. Captain Marvel Jr. alikuwa na taabu hiyo tangu mwaka 1941, kwani neno lake la kugeukia lilikuwa "Captain Marvel".