Usalama wa mtu anayekokotwa majini nyuma ya boti

WATAFITI wa miamba ya matumbawe hutumia mbinu ambapo mtu aliyevaa miwani ya kupigia mbizi na mrija wa kuvutia hewa hukokotwa na boti ndogo, akiwa ameshikilia ubao. Taasisi ya Sayansi ya Bahari ya Australia huitumia katika mwamba mkuu wa nchi hiyo, wenye urefu unaozidi kilomita 2,000. Kamba huwa ya mita 17, na boti huenda kama kilomita nne kwa saa, ikisimama kila baada ya dakika mbili ili matokeo yaandikwe.

Ijapokuwa mwendo huo ni wa polepole, hatari zake si haba.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mtu hafungwi kwenye kamba wala kwenye ubao. Hushika kwa mikono tu, ili akinaswa au akielekea kugonga mwamba, aachilie mara moja.

Hatari ya pili ni kina. Ncha ya ubao ikiinamishwa, nguvu ya maji humzamisha mtu ghafla. Ikiinuliwa, humpandisha vivyo hivyo. Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji. Kwa hivyo ni sharti asawazishe masikio kwa kubana pua na kupuliza taratibu. Akihisi maumivu, asizidi kushuka.

Anayetumia mtungi wa hewa asizuie pumzi kamwe anapopanda, kwani hewa iliyo mapafuni hutanuka na yaweza kuyapasua. Asiye na mtungi naye asivute pumzi nzito za haraka mfululizo kabla ya kuzama, maana anaweza kuzimia bila dalili yoyote.

Botini wahitajika watu wawili: nahodha anayetazama mbele, na mwangalizi asiyemwondolea macho aliye majini. Ishara za mikono hukubaliwa kabla ya safari. Mtu akiachilia ubao, nahodha hugeuza boti na kumkaribia polepole, kisha huhakikisha rafadha imesimama kabla ya kumpandisha.

Maji yakiwa machafu au mawimbi yakiwa makubwa, kazi huahirishwa. Anayekokotwa hawezi kukwepa asichokiona.