Kijiji cha Watoro

Somo: Kumbukumbu la Torati 23:15–16



Somo letu laamuru jambo gumu: mtumwa aliyemtoroka bwana wake asirudishwe, bali akae mahali atakapopapenda mwenyewe, wala asionewe. Leo tutazame kijiji kimoja kilichojaribiwa na amri hiyo. Ni Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, penye minazi mingi.

Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann walipokewa na wazee wa Rabai. Tusilisahau jambo hili: wamisionari wenyewe walikuwa wageni waliopewa makao pale. Mavuno yalikawia. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, naye alikuwa kiwete. Rebmann alidumu karibu miaka 29, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akiacha waamini wachache wa kuhesabika.

Waliokuja kukijaza kijiji hawakutazamiwa. Mwaka ule wa 1875 misheni ilianzisha Frere Town, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Habari zikaenea mashambani. Watumwa wengine wakatoroka usiku, wakapanda vilima vya Rabai. Walikuwa Wayao, Wanyasa na wengineo, watu waliong'olewa kwao tangu utotoni. Wakalima, wakajenga, wakajifunza kusali pamoja kwa Kiswahili.

Lakini kwa sheria ya wakati ule mtoro alikuwa mali ya mtu. Mabwana walikuja kuwadai, na misheni ikaonywa isiwapokee. Hata hivyo walizidi kuja, na wenyeji wakazidi kuwasitiri.

Kiongozi mmoja wa kanisa pale alikuwa William Jones, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimwekea mikono kuwa shemasi, wakashika njia ya Uganda. Oktoba mwaka huo Askofu aliuawa Busoga. Jones aliwaongoza waliosalia mpaka Rabai, wakafika Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka.

Je, uliondoka? Mwaka 1888 George Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani, alifanya mapatano: mabwana walipwe fidia, watoro wawe huru. Katika vituo vya misheni walihesabiwa zaidi ya 1,400, na wengi walikuwa Rabai. Siku ya Mwaka Mpya 1889 wakapewa hati zao za uhuru. Fidia walipewa mabwana, si wale waliotumikishwa bure. Utumwa wenyewe ulikomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907.

Mpendwa msikilizaji, twaiita Rabai chimbuko la Kanisa letu, na twajivunia. Basi tujue ni chimbuko la namna gani. Kanisa hilo lilianza na kiwete, likakua kwa watu wasio na ukoo wala shamba. Tena kuwapokea kulikuwa na hatari. Aliyefungua mlango aliweza kupoteza nyumba yake.

Leo mgeni akiingia ibadani, mara nyingi twamwuliza kabila lake kabla ya kumwuliza hali yake. Msichana aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa akibisha hodi, twaogopa maneno ya majirani. Jamaa iliyofukuzwa shambani ikija, twasema si wa kwetu. Kama wazee wa Rabai wangalisema hivyo, tungalikuwa wapi?

Tuombe. Ee Bwana, uliyekuwa mkimbizi Misri, utupe moyo wa kufungua mlango, hata pale tunapoogopa. Amina.