Relei, bisibisi na tasnifu ya Claude Shannon

Leo naweka msimbo kando kidogo, nieleze chanzo cha NA, AU na SI tunazozitumia kila siku kwenye programu zetu. Wengi hudhani zilitoka kwa wanahisabati waliokaa na kalamu na karatasi. Nusu ya hadithi ni hiyo. Nusu ya pili ilitoka kwa mwanafunzi wa uhandisi wa umeme aliyepewa kazi ya kuhudumia mashine.

Mashine yenyewe iliitwa Differential Analyzer. Vannevar Bush na wanafunzi wake wa chuo cha MIT, Marekani, waliimaliza mwaka wa 1931, baada ya kuchoshwa na hesabu ndefu za mitambo ya kusambaza umeme. Haikuwa tarakilishi kama tunayoijua. Ilikuwa meza ndefu iliyojaa gia na vyuma vinavyozunguka. Moyo wake ulikuwa sahani bapa inayozunguka, na juu yake gurudumu dogo lililosimama wima. Gurudumu likiwa katikati ya sahani halizunguki kabisa. Kadiri linavyosogea ukingoni ndivyo linavyozunguka kasi. Mizunguko yake ikihesabiwa, jibu la kalkulasi limepatikana! Kubadilisha swali kulimaanisha kushika bisibisi na spana na kuunganisha vyuma upya, kazi ya siku kadhaa.

Bush alisimulia baadaye kuhusu fundi wake mmoja ambaye hakuwahi kufundishwa kalkulasi darasani. Kwa kuijenga na kuiendesha mashine ile, akaielewa kalkulasi kwa lugha ya gia, hata profesa akikwama, fundi ndiye aliyemwonyesha tatizo liko wapi. Nawafikiria wanafunzi wanaopika matokeo ya maabara usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha ripoti. Wanajinyima uhondo, jamani.

Mwaka wa 1936 akaja Claude Shannon, kijana wa miaka 20 kutoka Michigan, aliyeona tangazo la kazi ya msaidizi wa utafiti. Alikuwa na shahada mbili, ya uhandisi wa umeme na ya hisabati. Tena, katika somo la falsafa, alikuwa amekutana na aljebra ya George Boole ya mwaka wa 1854, ambayo wahandisi hawakuwa na haja nayo.

Sehemu ya mashine iliyomvutia ilikuwa saketi yake ya relei, yaani swichi zinazofunguliwa na kufungwa na sumaku ya umeme. Relei mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme hupita tu iwapo ya kwanza NA ya pili zimefungwa. Zikiwa sambamba, hupita iwapo ya kwanza AU ya pili imefungwa. Hiyo ni aljebra ya Boole tupu! Kabla ya hapo saketi hizi zilisanifiwa kwa uzoefu na kubahatisha. Sasa mtu angeweza kuandika mlinganyo, kuurahisisha, na kuondoa relei zisizohitajika. (Ukisoma tasnifu yake jihadhari: aliipa njia iliyofungwa 0 na iliyo wazi 1, kinyume na mazoea yetu.)

Sioni haki kumpa sifa zote peke yake. Akira Nakashima huko Japani na Victor Shestakov huko Muungano wa Sovieti walikuwa kwenye njia hiyohiyo miaka ileile, na Nakashima alikuwa akishughulika na relei za simu. Kwa Shannon na Nakashima, wazo hili lilichipuka kwa mtu aliyezijua relei kwa karibu.

Shannon aliwasilisha tasnifu yake ya uzamili mwaka wa 1937, ikachapishwa mwaka wa 1938. Wanaodhani ni nadharia kavu waifungue sehemu ya mifano. Mna saketi ya kujumlisha nambari za 0 na 1, na kufuli ya umeme yenye vitufe vitano. Bonyeza c, kisha b, kisha a na c kwa pamoja, kisha d, nayo inafunguka. Ukikosea hata kimoja, kengele inalia, na kuna swichi ya pekee ya kuinyamazisha.