Hariri

Kitenzi "hariri" kimetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa "huru" na "uhuru". Kwa Waarabu, tahriri ni kukomboa, tena ni kusahihisha maandishi. Naipenda sana nasaba hiyo.

Juzi niliandika: "Mkutano huo uliweza kufanyika katika siku ya Jumatatu." Machoni ilipita. Kesho yake nikaisoma kwa sauti, ulimi ukakwama kwenye "uliweza". Kwani nani alikuwa ameuzuia? Nikafuta. "Huo" nayo ikaondoka, kisha "katika siku ya". Ikabaki: "Mkutano ulifanyika Jumatatu." Maneno 8 yakawa 3, habari ni ile ile.

Andiko lako lilaze usiku mmoja kwanza. Likiwa bado la moto unalisikia kichwani tu, hulioni karatasini.