Karamu ya Sikukuu Zamani na Sasa

Msomaji, ukipita Kegonga asubuhi ya Krismasi, katika nchi ya Wakuria iliyo ndani ya Kaunti ya Migori, utaona moshi ukifuka mapema katika kila jiko. Akina mama wakanda unga wa ngano, wasichana wachagua mawe katika mchele, na birika la chai ya maziwa liko motoni. Ukimwuliza mtoto chakula cha sikukuu ni kipi, atakujibu bila kusita: ni chapati, wali na nyama. Jibu hilo ni la kweli kwa leo. Lakini ukidhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, utakuwa umekosea. Maana katika vyakula hivyo vitatu, ni nyama peke yake ambayo babu wa babu yake angaliitambua.

Zamani nafaka yenye heshima ilikuwa wimbi. Zao hili ni mzaliwa wa Afrika. Lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Ethiopia na Uganda maelfu ya miaka iliyopita. Kazi yake ni ngumu: hupaliliwa kwa mkono, masuke hukatwa moja moja kwa kisu, na punje zilisagwa juu ya jiwe. Lakini likiingia ghalani huweza kukaa miaka mingi bila kubunguliwa, na kwa hiyo nyumba yenye wimbi haikuogopa njaa. Unga wake ulitoa ugali na uji, na kimea chake kilitoa pombe. Siku ya harusi, ya tohara au ya mavuno, wazee walizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakanywa na kuzungumza mambo ya ukoo. Nyama nayo ilikuwa ya siku kama hizo tu. Ng'ombe hakuchinjwa ovyo, kwa kuwa ng'ombe ndiye mahari, na mtu asiye na ng'ombe aliweza kukosa mke.

Basi, mageuzi yalitoka wapi? Hayakuja siku moja, wala hayakuja kwa njia moja. Mahindi asili yake ni Amerika. Wareno waliyaleta katika pwani yetu katika karne ya 16, yakapanda bara polepole. Katika karne ya 20 yalienea kwa kasi, na mwaka 1964 wakulima wa Kenya walipata mbegu chotara ya kwanza kutoka Kitale. Mahindi yalitoa mavuno mengi kwa kazi chache, nayo yakalisukuma wimbi pembeni mwa shamba.

Reli nayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Nyuma yake walikuja wafanya biashara Wahindi, wakafungua maduka katika miji ya Nyanza, wakauza unga wa ngano, mchele, sukari na majani ya chai. Jina lenyewe la chapati limetoka Bara Hindi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, yaani 1939 hadi 1945, vijana wetu walioandikwa jeshini walizoea chai yenye sukari, wakarudi nayo nyumbani. Hata sukari yenyewe baadaye ilianza kutengenezwa karibu nasi, kilipojengwa kiwanda cha Awendo mwishoni mwa miaka ya 1970.

Dini nayo ilibadili kinywaji. Wamisionari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wao walifundisha kuacha pombe, na hata chai na kahawa. Ndiyo sababu sikukuu moja yaweza kuwa na vinywaji mbalimbali: huku chai, kule uji au maziwa, na katika nyumba ya tatu soda za chupa. Watu wengi waliepukana na ulevi, na hiyo ni faida kubwa. Lakini palipoondoka chungu, paliondoka pia baraza la wazee waliokizunguka. Na soda, kila mtu hunywa yake peke yake.

Nilipokuwa mtoto, tulimwandalia nyanya yangu chapati na mchuzi siku ya Krismasi. Alimega kidogo, akaweka sahani chini, akaomba ugali wa wimbi. Sisi wajukuu tulicheka, tukimwona mshamba. Naye hakukasirika. Alituuliza tu, "Hiki mnachokila, shamba lake liko wapi?" Hatukuwa na jibu. Leo nafundisha historia, na bado sijapata swali la historia lililo bora kuliko lile.

Maana heshima ya chakula haikai katika chungu, huufuata uhaba. Wimbi lilipokuwa la kila siku na ngano ikitoka mbali kwa fedha, ngano ilipata heshima. Waingereza nao walifanya vivyo hivyo: bata mzinga anayeliwa Krismasi kwao ni ndege wa Amerika, aliyewafikia katika karne ya 16 tu. Na sasa gurudumu linageuka. Wimbi limeadimika, bei yake sokoni imepita ya mahindi, na uji wake husifiwa kwa mama anayenyonyesha na kwa mgonjwa. Kile tulichokicheka sasa twakinunua kwa bei ya juu.

Sisemi uache chapati. Mimi mwenyewe naipenda. Lakini sikukuu ijayo, kabla hujanawa mikono, tazama kila kilichoandaliwa na ujiulize swali la nyanya yangu. Kisha mwendee mzee wa nyumba yako, umwulize walikula nini alipokuwa na umri wako. Mwulize mapema. Mimi nilipokuwa tayari kuuliza, nyanya yangu alikuwa ameondoka.