Nani Atamwambia Mwenzake Ananuka?

Wadau, juzi nimekuta kichupa cha dawa ya kwapa ndani ya begi langu la kazini, katikati ya daftari na kinasa sauti. Sikukinunua mimi. Nikampigia mwenzangu kumuuliza. Akacheka kidogo, akasema: "Si unashinda juani, baba?" Basi, hakuongeza neno. Nilinuna siku mbili. Mtu mzima, nina digrii yangu, jina langu linatoka gazetini, halafu naambiwa nanuka kikwapa! Tena naambiwa na chupa.

Hasira zilipopoa nikaanza kujiuliza, wazee wetu haya mambo walikuwa wanayamalizaje? Nikamrudia bibi mmoja ambaye wengi wetu tulimkariri tu ili tufaulu mtihani, Mwana Kupona binti Msham.

Huyu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, yule aliyewasumbua kweli kweli watawala wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 Mwana Kupona, naye akiwa mgonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Darasani tuliambiwa ni utendi wa utii wa mke kwa mume, na ni kweli, kuna beti ambazo dada zetu wa leo wakizisoma watakitupa kitabu dirishani.

Lakini hebu msome tena kwa pua. Mama anamwambia binti aoge, afunge nywele, atunge asumini na kuziweka kitandani. Kisha anamgeukia mume. Amnyoe, amtengeneze ndevu, amfukize udi, amrashie marashi, asubuhi na jioni! Na amtunze kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema.

Hapo niliweka kitabu chini. Maana dawa ya mama huyu si kumwambia mume. Dawa ni kumfanyia. Bwana anafukizwa kutwa mara mbili, anakwenda zake barazani ananukia, na huenda anaingia kaburini akiamini kuwa harufu ile nzuri ni ya kwake mwenyewe. Sijui niite hekima au mzigo. Nadhani vyote viwili, na aliyeubeba mzigo mnamjua.

Sasa twende Marekani, kwa sababu hicho kichupa changu asili yake ni huko. Daktari mmoja mpasuaji wa Cincinnati alitengeneza dawa ya kuzuia mikono yake isitoke jasho akiwa anapasua. Binti yake, Edna Murphey, akaijaribu kwapani, akaona inafaa, akaipa jina la Odorono na kuanza kuiuza. Mwaka 1912 aliipeleka kwenye maonyesho Atlantic City. Mwanzoni wateja hawakutaka hata kuisogelea, lakini joto la kiangazi kile likamsaidia. Dawa yenyewe ilikuwa na asidi, inawasha ngozi na kuharibu nguo. Watu walivumilia.

Kilichoibadilisha biashara ni tangazo. James Young, mtu wa matangazo ambaye zamani aliwahi kuuza Biblia, mwaka 1919 aliandika tangazo katika gazeti la Ladies' Home Journal. Ujumbe wake, kwa maneno yangu: dada, huenda unanuka, wewe hujui, na mwanamume unayempenda hatakwambia, ataondoka tu. Wasomaji wapatao 200 walifuta usajili wao kwa hasira. Baadhi ya wanawake waliomfahamu Young wakaacha kusema naye. Lakini mauzo yaliongezeka kwa asilimia 112 na kufikia dola 417,000 mwaka 1920! Baada ya hapo Listerine nao wakafuata njia hiyo hiyo kwa harufu ya kinywa.

Mimi ni mtu wa magazeti, najua maneno yanayouza, na hayo yaliuza kwa sababu moja tu: ni kweli kwamba wapenzi hawaambiani. Young alikigundua kile kimya, akakitoza pesa. Na aliyelipa kwanza ni mwanamke. Dawa ya wanaume, iliyoitwa Top-Flite, ilifika sokoni mwaka 1935 tu, ndani ya chupa nyeusi ili isifanane na vitu vya kike. Yaani miaka yote hiyo jasho la mwanamume lilihesabiwa kuwa ni uanaume, halina mjadala. Nami bila kujua nilikuwa katika kundi hilo hilo: nikirudi kutoka kufuatilia habari stendi au mahakamani, nilidhani nanuka kazi.

Jana nikamweleza mwenzangu haya yote, Siyu hadi Cincinnati. Nikamuuliza kwa nini hakunambia tu kwa mdomo. Akanitazama. "Nilikwambia mwezi wa nne, tukiwa kwenye daladala. Ukafungua dirisha ukasema kuna mtu humu hajaoga."

Sikumbuki. Ila kichupa kimefika nusu.